Siku moja Mombasa, meli ikisubiri: Tsavo au Mji wa Kale?

Swali: Naishi Morogoro na nina watoto watatu, wa miaka 12, 8 na 4. Januari mume wangu, ambaye anafanya kazi ng'ambo, anatupeleka kwenye meli ya watalii. Tutapandia Victoria, Shelisheli, tupite Mombasa, kisha Zanzibar. Kwenye ratiba imeandikwa kwamba tutafika bandari ya Kilindini, Mombasa, 07:00 na kuondoka 18:00. Mume wangu anataka simba wa Tsavo. Mama mkwe ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Yeye anataka kuiona bandari aliyokuwa akiitaja marehemu baba yake, nahodha wa jahazi kutoka Unguja. Watoto wanataka kila kitu. Tununue safari inayouzwa na meli au tutafute dereva wetu? Na twende wapi ili tusije tukaachwa?

Jibu: Dada yangu, bakini Mombasa. Nimetanguliza jibu ili mumeo asione namzungusha. Sasa nitoe hesabu yangu, naye aipime mwenyewe.

Nimeongoza wageni wa meli kutoka lango la Kilindini kwa miaka mingi, na kosa ninaloliona mara kwa mara ni la hesabu. Mtu husoma 07:00 hadi 18:00 akajiambia ana saa 11 za kutembea. Hana. Meli ikifunga gati saa 1 asubuhi, kuna maofisa wa uhamiaji na afya wanaopanda kwanza, kuna foleni ya kushuka, kuna mtoto anayetaka choo mlipokwisha kufika mlangoni. Mkikanyaga ardhi saa 2 mmefanya vizuri. Jioni, saa ya meli kuondoka siyo saa yenu ya kurudi. Abiria hutakiwa wawe ndani mapema, mara nyingi nusu saa au saa nzima kabla, na ngazi ikishavutwa haishushwi tena. Mimi huongeza saa nyingine ya akiba kwa ajili ya msongamano wa mjini. Kwa hiyo mna saa 8, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 alasiri. Hizo ndizo za kupangia.

Sasa ziweke juu ya Tsavo. Lango la karibu la Tsavo Mashariki ni Bachuma, kama kilomita 100 kutoka mjini, na barabara ni hii hii ya Nairobi inayobeba malori yote ya bandari kupitia Changamwe, Mazeras na Mariakani. Siku njema ni saa 2 kwenda, siku ya kawaida ni saa 2 na nusu. Mtaingia hifadhini saa 4 na nusu asubuhi, jua la Januari limeshapanda, na simba amejilaza chini ya kichaka na hana haja ya kuamka. Mtazunguka saa 3, kisha mgeuze. Mtoto wa miaka 4 atakuwa amekaa garini karibu siku nzima, na mwenye magoti mabovu atarushwa na mashimo ya njia ya vumbi. Tsavo ni hifadhi ninayoipenda sana. Ndovu wake wamejipaka udongo mwekundu hadi unadhani ni rangi yao, na simba dume wengi wa huko hawana manyoya marefu shingoni. Wale wawili waliowaua wajenzi wa reli mwaka 1898 hawakuwa nayo, nao leo wamewekwa kwenye jumba la makumbusho la Chicago. Lakini Tsavo inataka ulale, uamke alfajiri, uwakute wanyama wakirudi kutoka kunywa maji. Kuichungulia saa za mchana na kukimbia ni kuikosea heshima, na pesa zenu pia.

Niliwahi kukubali kazi hiyo nikiwa mgeni katika shughuli hii. Familia ya watu sita, baba mzima kabisa, mtu wa makamo yake aliyekuwa na kiu ya simba. Tulimwona simba mmoja kwa mbali. Wakati wa kurudi lori lilikuwa limeanguka mbele ya Mariakani na magari yamesimama pande zote mbili. Tulikaa pale hadi nikaacha kuitazama saa. Tulifika getini watu wa meli wakiwa tayari wameanza kuondoa ngazi, na yule baba akawa analia mbele ya watoto wake, akidhani amewaponza. Walipanda. Mimi nilibaki kwenye lile gati na mikono inatetemeka, na tangu siku hiyo sijampeleka Tsavo mgeni wa siku moja kwa gari langu.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la safari ya meli au dereva wenu. Safari inayouzwa na meli ni ghali kuliko dereva wa mjini, na mara nyingi ni basi la watu wengi wanaotembezwa kwa haraka. Kitu kimoja ambacho inakupa ni hiki: basi hilo likikwama njiani, meli huwasubiri abiria wake au huwatafutia njia ya kuifuata. Ukiwa na dereva wako mwenyewe, meli haikusubiri. Basi fuateni kanuni ninayowapa hata ndugu zangu: ukitoka mbali na bandari, toka na meli, ukibaki mjini na viunga vyake, toka na mtu wako. Ikiwa mumeo ameshaiweka Tsavo moyoni na hatatulia, basi achukue tiketi ya meli yeye na huyo mkubwa wa miaka 12, wawili tu, nanyi wengine mbaki. Kipo pia cha katikati: Shimba Hills, huko Kwale, kilomita kama 33 tu. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe hulazimiki tena kusubiri kivuko cha Likoni. Simba msimtarajie, lakini kuna ndovu, msitu wenye ubaridi, na palahala, swala mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma ambaye katika Kenya nzima mnamkuta hapo tu. Kwa baba na kijana wake ni siku nzuri sana.

Ila kama mngekuwa wageni wangu, ningewaomba msitengane. Mna bibi ambaye ana sababu yake ya kuja hapa. Wengi wanaoshuka Kilindini wanaitazama Mombasa kupitia kioo cha gari, na hawawezi kusema hata neno na muuza machungwa. Nyinyi lugha mnayo. Mkisalimu mtajibiwa, mkiuliza mtaelekezwa, na bibi akitaja jina la jahazi la babake kuna mzee atakayekaa chini kufikiri. Hilo halipo katika tiketi yoyote ya meli.

Anzeni na ngome ya Fort Jesus, na muanze nayo mara tu mkishuka, hufunguliwa saa 2, maana ndani kivuli ni haba na ikifika saa 5 mawe yanarudisha joto kama tanuri. Wareno waliijenga kuanzia mwaka 1593, mchoro ukiwa wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Msiwachoshe watoto na orodha ya magavana. Wapeni kisa kimoja tu, kile cha mazingiwa. Mwezi Machi 1696 Waomani waliizunguka ngome hii, wakaizingira hadi Desemba 1698. Waliokuwa ndani walikufa kwa njaa na maradhi zaidi ya risasi. Mwaka 1697 meli ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyokuja kuleta msaada, ilizama hapo hapo chini ya ukuta, mbele ya macho ya watu iliyokuja kuwaokoa. Ilikaa chini ya maji hadi wapiga mbizi walipoanza kuifukua mwaka 1977, na baadhi ya vitu vyake vimewekwa kwenye jumba la makumbusho mle ndani. Mwonyesheni wa miaka 8 vyombo hivyo, kisha mpandisheni ukutani aitazame bahari ilipozama. Watoto waliotoka kulala kwenye meli huielewa habari hiyo kuliko mtu yeyote. Yule wa miaka 4 atashughulika na mifupa ya nyangumi iliyotandazwa uani, mwacheni nayo.

Neno moja kwa mumeo, kwa kuwa anapenda simulizi za watu wagumu: baada ya Waingereza kushika nchi, ngome hii ilifanywa gereza tangu 1895 hadi 1958. UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka 2011, lakini kwa wazee wa mji huu kwa muda mrefu ilikuwa mahali ambapo mtu alipelekwa kufungwa. Mkimpata mzee wa kuwaeleza habari hiyo, msikilizeni.

Kuhusu magoti ya bibi. Kuingia ngomeni ni mteremko wa kupanda, si ngazi nyingi, ataweza akishikwa mkono. Kuta za juu asipande. Kuna sehemu za kukaa kivulini, na nyumba ya Waomani iliyo juu ya ngome, yenye milango ya nakshi, inatosha kumpumzisha. Saa moja na nusu ndani inawatosha wote.

Kutoka hapo mnashuka Ndia Kuu. Mtaona limeandikwa hivyo hivyo, "ndia", kwa sababu Kimvita ndivyo kinavyosema njia, na watoto watafurahi kujua kwamba kibao cha barabara kinaweza kuwa na lafudhi. Mtaa ni mwembamba, una roshani za mbao zinazoning'inia juu ya vichwa, na pikipiki hazina adabu, kwa hiyo mdogo ashikwe mkono muda wote. Bibi asitembee. Mchukulieni tuktuk mlangoni pa ngome, akae na mmoja wenu, izunguke taratibu na kuwasubiri mbele. Bei semeni kabla hajapanda. Mtapita msikiti wa Mandhry wenye mnara mnene mweupe, unaotajwa kuwa wa mwaka 1570. Kuingia ni kwa wanaosali. Wengine tazameni kwa nje, na vaeni nguo za staha, leso, ile mnayoiita kanga, begani inatosha. Mtu usimpige picha kabla hujamwomba, hasa akina mama waliokaa barazani. Huko ni nyumbani kwao.

Halafu Bandari ya Kale. Dada yangu, hapa ndipo ningetaka mtumie muda, hata kama mtakata mengine yote. Watu hawajui kwamba kisiwa hiki kina bandari mbili, moja kila upande. Meli yenu itakuwa Kilindini, upande wa magharibi, na jina lenyewe linawaambia kwa nini: ni penye kilindi, penye maji marefu yanayobeba chuma kizito. Reli ilipoanza kujengwa kutoka huko mwaka 1896, biashara ikahamia upande huo. Kabla ya hapo, na kwa majahazi hata baada ya hapo kwa miaka mingi, mlango wa Mombasa ulikuwa huu wa mashariki, chini ya ngome. Hapa ndipo zilipokuja tende, mazulia na papa mkavu kutoka Uarabuni na Usomali, na hapa ndipo yalipopakiwa boriti kutoka Lamu na vyakula vya bara.

Babake mavyaa wako, akitoka Unguja kuja huku, alikuja na kusi. Upepo huo ndio unaosukuma tanga kuelekea kaskazini, katikati ya mwaka. Alifanya shughuli zake, akangoja, na kaskazi ilipoanza kuvuma kuelekea mwisho wa mwaka, akarudi kwao. Nyinyi mnakuja Januari, kaskazi imeshika kweli kweli. Mwambieni bibi asimame pale penye ukuta wa bandari, auache upepo umpige mgongoni akitazama kusini. Huo ndio upepo uliokuwa ukimrudisha babake nyumbani, na usiku huo huo meli yenu itaelekea Zanzibar kwa njia ile ile. Nimewahi kumleta mwanamke wa Lamu hapo, binti wa baharia, na sikuhitaji kusema kitu zaidi ya hicho.

Majahazi siku hizi ni machache, msitarajie msitu wa milingoti. Mtakuta mashua za wavuvi na soko la samaki lenye kelele na harufu kali. Sehemu ya ndani ya gati ina ulinzi, ulizeni kwanza kama mnaweza kuingia, na simu zikae mfukoni mpaka mruhusiwe. Lakini wazee wapo. Keti mahali wanapouza kahawa, agiza vikombe, mwacheni bibi aanze mazungumzo. Sisemi kwamba atapata mtu aliyemjua babake, miaka imepita mingi. Nasema atapata mtu anayejua maana ya kuwa mtoto wa nahodha.

Kwa chakula, asubuhi hiyo msijaze tumbo melini. Mombasa kifungua kinywa ni mahamri kwa mbaazi za nazi, na ukitoka hapa hujavila sijui utamwambia nani ulifika. Watoto wanunulieni mabuyu ya rangi, wanywe madafu yaliyokatwa mbele yenu. Viazi karai ni vizuri vikitoka kwenye mafuta, vya jana achaneni navyo.

Ikifika saa 5 ingieni garini na viyoyozi viwashwe. Mnavuka daraja la Nyali kwenda Bamburi, kwenye Haller Park, na hapa ndipo watoto watakapopata wanyama wao bila kufika Tsavo.

Mahali hapa palikuwa shimo. Kiwanda cha simenti kilichimba mawe ya matumbawe hadi pakabaki jangwa jeupe lenye maji ya chumvi, hakuna udongo hata wa kuotesha mchicha. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa na kiwanda hicho, alianza kujaribu miti, na uliokubali ni mvinje. Ukakua, lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza. Ndipo wakaletwa majongoo. Majongoo walikula majani, kinyesi chao kikawa udongo, udongo ukabeba miti mingine, miti ikaleta ndege, na leo ni msitu wenye twiga, kiboko na mamba. Mwambieni mwanao wa miaka 8 amtafute jongoo kwanza, kabla ya twiga. Mimi nimewaona watoto wakiinama chini dakika kumi wakimtazama mdudu huyo kwa heshima. Mwanzoni mwa ziara ulizeni saa ya kulisha twiga ili mpange mzunguko wenu. Kulisha twiga kwa mkono wako, ulimi wake mrefu ukikupitia kiganjani, mtoto wa miaka 4 hawezi kulisahau.

Na kuna kisa ambacho kinawahusu nyinyi hasa, kwa sababu mnatoka Shelisheli. Mkiwa Victoria wapelekeni watoto wakaone kobe wakubwa wa Aldabra. Msiwaambie kwa nini. Kisha mkifika Haller Park wasimulieni. Desemba 2004, siku ya tsunami, mtoto wa kiboko alibaki peke yake baharini karibu na Malindi, kundi lake halionekani. Wavuvi na wakazi walihangaika naye kutwa hadi wakamnasa kwa nyavu, akaletwa hapa. Walimwita Owen. Alipofunguliwa tu akakimbilia nyuma ya kobe mzee wa Aldabra aliyekuwa akiitwa Mzee, akajificha kwake kama angejificha kwa mama. Kobe alimkataa mwanzoni, akawa anajisogeza mbali, kisha akamkubali. Wakawa wanakula pamoja na kulala pamoja, na dunia nzima ikaja kuwatazama. Watoto wenu watakuwa wamewagusa ndugu wa huyo Mzee siku chache tu kabla.

Njia za Haller Park ni tambarare na zina kivuli, bibi ataweza kwa mwendo wake, akapumzika kila anapotaka. Kwa ujumla nawaomba mfuate miguu yake siku hiyo nzima. Familia inayofuata mwendo wa aliye mzito zaidi hurudi melini pamoja na ikiwa na furaha. Inayofuata mwendo wa aliye mwepesi hurudi imegombana.

Kula chakula cha mchana upande huo huo wa Nyali au Bamburi, na saa 8 na nusu muwe mnaanza kurudi kisiwani. Ufuo msiuongeze, hata watoto wakilia. Zanzibar ni kesho, na bwawa liko melini. Maji yakiwa yamekupwa, ufuo wa huku ni mwamba mtupu hadi mbali, na mkiwa mnasubiri yajae, muda umekwisha.

Kama saa inaruhusu, simameni kidogo Mtaa wa Biashara mnunue leso. Kila mmoja achague yake kwa jina, yaani kwa yale maneno yaliyoandikwa chini, si kwa rangi. Bibi awasomee. Zile zilizoandikwa "Mali ya Abdulla" ndizo mama zetu walizozitegemea, na bado zipo. Ikiwa muda umewabana, hiki ndicho cha kukata, si ngome wala bandari. Na tafadhali, msinunue kombe kubwa la baharini wala kitu chochote cha gamba la kasa, hata muuzaji akiapa kwamba kinaruhusiwa. Kasa analindwa kwa sheria, na bahari yetu imeshapoteza vya kutosha.

Sasa mambo ya karatasi na saa, ambayo ndiyo huwaharibia watu siku. Nyinyi ni Watanzania, kwa hiyo kile kibali cha mtandaoni ambacho Kenya imekitaka kwa wageni wengi tangu Januari 2024 hakiwahusu raia wa Afrika Mashariki, lakini paspoti ni lazima. Meli nyingine hukaa na paspoti za abiria. Ulizeni mapema, na kila mtu awe na nakala yake mfukoni, kwa sababu kiingilio cha Mwafrika Mashariki ni nafuu na mtaombwa kuthibitisha. Kadi za chanjo ya homa ya manjano zichukueni pia, mkitoka Kenya kuingia Zanzibar zinaweza kuulizwa. Mifuko ya plastiki iacheni melini, Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017. Kadi ya meli ndiyo ufunguo wa kurudia, bibi ningependa avalishwe shingoni. Andikeni pia namba ya simu ya wakala wa meli hapa Mombasa, inachapishwa kwenye karatasi ya ratiba ya kila siku.

Kuhusu saa kuna mitego miwili. Shelisheli iko mbele ya Kenya kwa saa moja. Meli inaweza kurudisha saa zake nyuma usiku wa kuja huku, au ikabaki na za Shelisheli. Asubuhi muulizeni mhudumu saa ngapi sasa, mlinganishe na simu, na siku nzima mfuate saa ya meli. Mtego wa pili ni wetu wenyewe. Meli ikiandika 17:00, sisi tunasema saa 11. Dereva akikuuliza mnatakiwa saa ngapi, mwambie "saa kumi na moja jioni ya Kiswahili, saa kumi na saba ya meli", na umwonyeshe karatasi. Nimeona watu wakisikia "saa 11" kila mmoja kwa maana yake.

Dereva mpateni kabla ya kufika, kupitia ndugu au jamaa mnayemwamini. Mkimchukua getini, kiongozi awe na kitambulisho cha kazi cha mamlaka ya utalii. Patana bei ya siku nzima, mtaje kila kituo kwa jina, mseme ni shilingi za Kenya au dola, na maegesho na mafuta yamo au hayamo. Nusu lipa asubuhi, nusu lipa mkirudi getini. Piga picha ya namba ya gari. Viingilio vingi vya serikali sasa hulipwa kwa simu au mtandaoni, na laini yenu ya Tanzania itawasumbua, basi dereva alipe kisha mumrudishie mkiwa na risiti mkononi. Kiti cha mtoto mumwambie siku kadhaa kabla, teksi nyingi hawana.

Saa 10 alasiri, kama mmetimiza haya, geukeni Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari, badala ya kwenda moja kwa moja getini. Ni karibu, na ukuta wake unatazama mlango wa Kilindini wenyewe. Kaeni chini ya mibuyu, muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, nusu saa tu. Waonyesheni watoto ule mkondo mwembamba, kwa maana saa mbili baadaye watapita hapo hapo. Saa 10 na nusu ondokeni, hata muhogo ukibaki.

Meli ikianza kusogea saa 12, msiwe kwenye chakula. Mpandisheni bibi sitaha ya juu kwa lifti, mpatieni kiti upande wa kushoto. Likoni itakuwa kulia, vivuko vikisimama kuwapisha, na kushoto utapita ule ukuta wa Mama Ngina na mibuyu yake, jua likielekea kuzama nyuma yenu. Watu wa Mombasa huja pale jioni kupunga upepo, na meli kubwa ikipita hupunga na mikono. Wapungieni nanyi. Mkiwa nje kabisa ya mwamba, upepo utabadilika na kushika upande mmoja. Bibi ataujua, msimweleze.